FUNDI WA NYUMBANI: Boila inatona mayi, usizibe!

Katika nyumba nyingi za kartye za kampuni, boila ya umeme iko ukutani pale kwa kuogea. Watu wanalalamika: "Inatona mayi!" Kiisha wanatafuta kijiti ao kipande cha mpira, wanaziba. Hiyo ni hatari kubwa.

Mayi yakipata moto yanavimba. Litri 100 zikitoka digri 15 kufika 60, zinaongezeka karibu litri 1 na nusu. Ile ziada inatokea kwa supape, iliyo kwenye bomba la mayi ya baridi. Kwa kawaida inafunguka presha ikifika bar 7. Ukiiziba, kiisha termostati iharibike, tangi inaweza kupasuka kama bomu na kubomoa ukuta, watoto wakiwa ndani.

Basi tufanye hivi:

– Inatona wakati wa kupasha tu: hapana ubaya. Weka ndoo chini.

– Inatona muchana na usiku: supape imeshikwa na chokaa, ao presha ya bomba imezidi. Ita fundi.

– Mayi hayapati moto: zima umeme kwa disjonkteri kwanza, ndipo fundi apime rezistansi na termostati.

– Mayi yamekatika katika kartye: zima boila. Rezistansi ikiwaka bila mayi inaungua. Yakirudi, fungua robine ya mayi ya moto. Yakitoka bila upepo, tangi imejaa, washa.

– Kila mwezi zungusha kifungo cha supape, mayi yatoke kidogo, isigande.

Wazazi, supape mupya iko na bei. Mutoto hana bei.