Mtoto Asiyeelekea Altareni: Mawaidha juu ya Shule, Mpira na Wahitimu wa Lubumbashi

Miongoni mwa klabu za mpira wa miguu za Afrika ambazo sifa zake zimevuka mipaka ya bara, ni chache zilizozaliwa shuleni, na ile ya Lubumbashi inayojulikana leo kwa jina la Tout Puissant Mazembe ni mojawapo ya hizo chache. Mashabiki wanaokijaza kiwanja cha Kamalondo siku ya mechi huijua hesabu ya makombe yake kama wanavyoyajua majina ya watoto wao; lakini habari isiyosimuliwa sana ni kwamba timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na watawa waliokuwa wakiendesha shule, kwa ajili ya wanafunzi wao, na kwa sababu iliyokuwa ya malezi kabla haijawa ya michezo. Sababu hiyo ya kwanza ni urithi mkubwa kuliko makombe yote yaliyofuata, na shule za Lubumbashi, hasa zile za Kikatoliki, zina deni la kuirudia.

Shule yenyewe iliitwa Institut Saint-Boniface, yaani Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi, nayo ilikuwa mikononi mwa Wabenediktini, watawa wanaofuata kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto wa Nursia katika karne ya 6, ambao hugawa siku yao kati ya sala, kazi na masomo. Watawa hao walifika Katanga mwaka 1910 kutoka abasia ya Mtakatifu Andrea iliyo karibu na Bruges, nchini Ubelgiji, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alipewa daraja la uaskofu na kuliongoza Kanisa la eneo hilo kwa miongo kadhaa. Mji walimofanyia kazi, yaani Lubumbashi ya leo, uliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, ukaishi kwa shaba ya kampuni ya Union Minière, na uligawanywa kwa rangi ya ngozi katika makazi, hospitali na hata madarasa: Wasalesiani, watawa wa Don Bosco waliofika mwaka 1911, walikuwa na Collège Saint-François de Sales kwa ajili ya watoto wa Wazungu, ilhali Saint-Boniface ilisomesha watoto wa Kiafrika.

Katika shule za misioni za zama zile, tunda lililohesabiwa kuwa bora kuliko yote lilikuwa mtoto mwenye wito, yaani yule aliyeonyesha mwelekeo wa kuwa padri au bruda, na mpangilio mzima wa masomo, nidhamu na sala ulimtazama yeye. Wengi, hata hivyo, hawakuwa na wito huo, na wangetoka shuleni kwenda kuwa makarani, mafundi, walimu, au watumishi wa reli na migodi. Ni kwa ajili ya kundi hili la wengi, wale ambao njia yao haikuelekea altareni, kwamba Wabenediktini waliamua mwaka 1939 kuongeza shughuli za shule na kuunda timu ya mpira. Waliipa jina la Saint-Georges, kwa heshima ya Mtakatifu Georgi aliye msimamizi wa vijana wa skauti, wakaiandikisha moja kwa moja katika daraja la kwanza la FRASI, lililokuwa shirikisho la kifalme la vyama vya michezo vya wenyeji, na mwisho wa msimu huo wa kwanza vijana wa shule wakashika nafasi ya tatu. Mwaka 1944 timu ilibadilishwa jina ikawa Saint-Paul, jina linalofaa sana kwa wanamichezo, kwa kuwa Mtume Paulo ndiye aliyewafafanulia Wakorintho maisha ya imani kwa mfano wa wakimbiaji wanaoshindania taji.

Uamuzi huo wa mwaka 1939 unastahili kutafakariwa na kila mkuu wa shule. Taasisi iliyokuwa na lengo moja kuu, tena lengo iliyoliona kuwa takatifu, ilikubali kwamba mtoto atakayelikosa lengo hilo bado ni mtoto wake, na kwamba inamdai matunzo, muda, mavazi ya michezo, mwalimu na jina la mtakatifu. Haikumwacha akae pembeni akisubiri siku ya kuondoka, bali ilimtafutia uwanja ambamo naye angeweza kuheshimiwa, akafundishwa kupokea amri ya nahodha, kuvumilia kufungwa na kurudi mazoezini kesho yake. Shule hupimwa kwa namna inavyomtendea mwanafunzi ambaye hataiongezea sifa, na kwa kipimo hicho Wabenediktini wa Saint-Boniface walifaulu katika jambo ambalo shule nyingi za leo zinashindwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo isigeuke kuwa sifa isiyo na macho. Watawa hao walifanya kazi ndani ya utawala wa kikoloni, na shirikisho walilojiunga nalo lilibeba katika jina lake neno la kuwatenga wenyeji. Mpira ulipendwa na wakubwa wa migodi kwa sababu waliuona kuwa njia ya kuwatuliza vijana na kuyajaza masaa ambayo vinginevyo yangetumika kujadili mishahara. Miaka 2 tu baada ya kuundwa kwa Saint-Georges, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya ujira walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi, wakaua makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Anayeandika historia ya michezo ya mji huu bila kuutaja mkusanyiko huo ameandika nusu ya historia, kwa maana kiwanja cha mpira kilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo Mwafrika aliruhusiwa kusimama pamoja na wenzake kwa maelfu, na mahali pa namna hiyo hapakosi kuwa pa siasa hata pakikusudiwa kuwa pa burudani. Kilichotolewa na wakubwa ili kuwatuliza watu kilichukuliwa na watu wenyewe na kutumiwa kwa makusudi yao, jambo ambalo linakiongezea kiwanja cha shule thamani.

Baada ya miaka kadhaa timu ilianza kupokea wachezaji wasiokuwa wa shule, na wamisionari wakajitoa katika uongozi wake. Ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoidhamini; baada ya uhuru ikaongezewa sifa ya Tout Puissant, maana yake yenye nguvu zote, kwa kutwaa ubingwa bila kufungwa; na katika miaka ya 1970, zama za siasa ya uhalisia ya Rais Mobutu, iliyokataa majina ya kigeni, jina la Englebert likaacha nafasi kwa Mazembe. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa taifa, kombe la nchi na kombe la Katanga kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1967 na 1968 ikawa bingwa wa vilabu vya Afrika, klabu ya kwanza kulitetea taji hilo. Na mwaka huo huo wa 1968, mjini Addis Ababa, mchezaji wake Pierre Kalala ndiye aliyefunga bao pekee la fainali dhidi ya Ghana lililoipa Kongo Kombe la Mataifa ya Afrika. Ubingwa wa bara ulirudi Lubumbashi mwaka 2009, 2010 na 2015, na mwezi Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ambapo ilifungwa na Inter Milan. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kukumbushwa kwamba ni katika jezi ya klabu hiyo Mbwana Samatta alipata tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika kwa mwaka 2015.

Yote hayo yanajulikana, na yasingehitaji makala. Linalostahili kutiliwa mkazo ni kwamba katika safari hiyo klabu ilikua, nayo shule ikafifia katika kumbukumbu. Kinshasa mambo yalikwenda tofauti kidogo. Huko padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, aliyeitwa na watu Tata Raphaël, alijenga shule na viwanja kwa pamoja, na tangu mwaka 1925 wanafunzi wa zamani wa shule za Wascheut walikuwa na chama chao, ADAPES, ambacho Jean Bolikango alipata kukiongoza na ambacho kiliwakutanisha watu waliokuja kuendesha siasa za uhuru. Jina la padri huyo lingali juu ya kiwanja kikubwa cha zamani cha mji, kile kile ambapo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974. Chama cha wanafunzi wa zamani kinachokutana, kinachotoza ada na kutunza orodha kina nguvu ya kuibakiza shule hai hata serikali na majina yanapobadilika.

Lubumbashi nayo haikukosa watu wa kuandikwa katika orodha ya namna hiyo, wawe wanafunzi au walimu. Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki wa kanisa, alifundisha muziki Saint-Boniface na mwaka 1960 akawa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga iliyojitenga na Kongo. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alilelewa na Wabenediktini wa Katanga katika seminari zao akiandaliwa kwa maisha ya utawa. Akaiacha njia hiyo, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya namna Afrika ilivyobuniwa na maarifa ya wageni kikasomwa na kujadiliwa katika vyuo vikuu vya mabara yote. Huyo naye ni mtoto asiyefika altareni, na ni vigumu kudai kwamba malezi yake yalipotea bure. Mwandishi wa mawaidha haya yuko radhi kusema kwamba fundi matairi mwaminifu aliyecheza ulinzi wa kulia mwaka 1943 anastahili mstari wake katika daftari lile lile la Mudimbe, na kwamba shule inayotaja mawaziri na maaskofu peke yao haijawajua wahitimu wake.

Wala isisemwe kwamba kuandika historia ni kazi ya maprofesa. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili cha Katanga, kijitabu ambacho baadaye kilichunguzwa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian na kutambuliwa kuwa hazina. Ikiwa wapishi na madobi waliweza kuandika historia ya mji mzima, shule yenye walimu, wino na wanafunzi mamia inashindwaje kuandika majina ya timu yake ya mwaka jana?

Shule nyingi za Kikatoliki nchini Kongo zilitaifishwa mwaka 1974 na kurudishwa chini ya usimamizi wa Kanisa kwa mkataba wa mwaka 1977, na tangu hapo zimebeba mzigo mzito wa mishahara midogo na michango ya wazazi. Katika shida hiyo kipimo kimoja kimemeza vingine vyote, nacho ni asilimia ya waliofaulu Mtihani wa Taifa, ule unaofungua mlango wa chuo kikuu. Asilimia hiyo imechukua mahali palipokuwa pa wito wa upadri: ni lengo jema, lakini likiachwa peke yake humfanya mtoto aliyelikosa aonekane kuwa hasara. Mkuu wa shule anayefuta saa ya mazoezi ya mwili ili kuongeza saa ya hesabu, au anayekubali kiwanja kijengwe vibanda vya kupangisha kwa sababu fedha zinahitajika leo, anafanya kinyume cha walichofanya watangulizi wake mwaka 1939, ingawa yeye anakula mkate wa sifa yao.

Watakuwepo wazazi watakaojibu kwamba wanalipia masomo, si mpira, na kwamba mwenye kipaji aende katika akademia, yaani kituo cha kulelea wanasoka chipukizi, kama ile yenye jina la Moïse Katumbi, aliyeiongoza klabu, iliyo ubavuni mwa Mazembe. Hoja ya ada ni ya haki, kwa kuwa mzazi wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, anayekosa chakula ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza fedha zake zinakwenda wapi. Lakini akademia huchagua. Humpokea aliye bora na kumrudisha nyumbani aliyepungukiwa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Shule haina ruhusa ya kuchagua hivyo. Kazi yake ni kumpa nafasi pia kijana mzito wa miguu atakayekaa benchi msimu mzima, kwa kuwa hata benchi la timu hufundisha mambo ambayo ubao haufundishi, na gharama yake ni mpira mmoja na jioni mbili za juma.

Yako pia makosa ya Saint-Boniface yasiyopaswa kurithiwa, na kubwa ni kwamba uwanja ulikuwa wa wavulana peke yao. Mwezi Novemba 2024, nchini Morocco, timu ya wanawake ya Mazembe iliifunga AS FAR, timu ya wenyeji, 1-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika, jambo ambalo watawa wa mwaka 1939 hawakuliwaza. Lisee, yaani shule za sekondari, za masista wa Lubumbashi zilizo na viwanja hazina tena sababu ya kuviacha viwe vya kuanikia nguo na kupangia mistari ya asubuhi. Yafaa zianze muhula ujao, kwa saa mbili za juma zilizoandikwa ndani ya ratiba, mwalimu anayelipwa kwa saa hizo, na daftari la majina linaloanza na wasichana walio darasani sasa, likitaja aliyefunga mabao na aliyekaa benchi, aliyefaulu Mtihani wa Taifa na aliyeukosa.