Nishani Haiinui Mgongo

Bibi yangu alipoacha kazi ya uyaya alipewa saa ya ukutani na barua. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amelea watoto wa nyumba moja mjini Tanga, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, kisha wajukuu wawili. Barua ilipigwa chapa kwa Kiingereza, na kwa kuwa bibi hakukijua, alimpa mjomba aisome. Mjomba akaisoma yote, akaikunja, akasema, "Wanasema ulikuwa mwaminifu." Bibi alifurahi mno. Saa ikatundikwa sebuleni juu ya mlango, mahali ambapo majirani zetu walitundika picha ya rais.

Miaka sita baadaye bibi alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mafao hayakuwapo kwa sababu mkataba haukuwapo, wala jina lake halikuwahi kuandikishwa kwenye mfuko wowote. Tukachangishana. Mchango ulipopelea, mama aliishusha saa akaipeleka kwa fundi. Fundi aliigeuza, akatazama mashine yake, akamrudishia. Jioni mama akaitundika tena. Bibi, ambaye siku hizo hakuweza kuona hata mishale yake, aliuliza mbona mchana kutwa nyumba ilikuwa kimya.

Saa hiyo hunijia kila ninaposoma habari za watu wanaotunukiwa kwa sababu wamemtumikia mfalme au malkia wa Uingereza yeye mwenyewe, si nchi yake. Nishani yao inaitwa Royal Victorian Order. Malkia Victoria aliianzisha tarehe 21 Aprili 1896, na tangu siku hiyo inatoka mkononi mwa mwenye taji bila ushauri wa mawaziri. Nishani nyingi za Uingereza hupita kwanza serikalini, kwenye kamati na kwa waziri mkuu. Hii haipiti huko. Anayevaa taji akiridhika na dereva wake, katibu wake, mpishi wake au mvishaji wake, anaweza kumtunuku.

Wanaoitetea husema ndiyo nishani safi kuliko zote. Hainunuliwi kwa michango ya vyama wala haigawiwi kwa wabunge waliochoka. Ni mtu anamshukuru mtu. Nani mwenye moyo atapinga shukrani?

Mimi napinga. Sipingi shukrani. Napinga kazi ambayo shukrani hiyo imepewa ifanye.

Tuanze na ngazi zake. Nishani ina madaraja matano, na chini ya madaraja hayo ipo medali yenye madini matatu: dhahabu, fedha na shaba. Kama kweli ni moyo unaoshukuru, moyo huo umepataje hesabu kali namna hii? Kwa desturi, makatibu wakuu na wakuu wa kasri hupanda madaraja ya juu, na wanaobeba sinia hupewa medali. Nyumba imejichora upya kwenye vifua vya watu. Hata anayeshukuriwa hukumbushwa ameingilia mlango gani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Kenya, katika nyumba ya Sagana aliyopewa na serikali ya kikoloni kuwa zawadi ya harusi. Huko ndiko ilikomfikia habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Katika msafara wake alikuwamo katibu wake, Martin Charteris, na alikuwamo mvishaji wake, Margaret MacDonald, mwanamke wa Kiskoti aliyeitwa Bobo. Charteris aliendelea na kazi hadi akawa katibu mkuu wa malkia, akapata daraja la kwanza la nishani, akafanywa na lodi. Bobo alianza kumhudumia Elizabeth mwaka 1926, Elizabeth akiwa mtoto mchanga. Alilala naye chumba kimoja utotoni, akamvisha ukubwani, akabaki katika utumishi huo mpaka alipokufa mwaka 1993. Ni miaka sitini na saba. Yeye aliishia daraja la nne.

Simlaumu Charteris. Alikuwa mtu hodari wa kazi. Nauliza swali moja tu: kama nishani hii ni ya utumishi binafsi, ni nani aliyemtumikia mtu yule kibinafsi zaidi, aliyemwandikia hotuba au aliyemfunga vifungo vya gauni? Nishani inajibu bila haya kwamba ni mwenye kalamu. Na tusisahau kwamba madaraja yake, yaliyobuniwa na mwanamke aliyevishwa na kuvuliwa na wanawake kila siku ya maisha yake, hayakufunguliwa kwa wanawake hadi mwaka 1936. Kwa miaka arubaini mlango ulikuwa wazi kwa wanaume peke yao.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Heshima ya kweli humkinga mtu siku ya mvua. Tuangalie hii ilimkinga nani.

Abdul Karim alifika Uingereza kutoka India mwaka 1887, kijana wa kuhudumia meza. Baada ya muda akawa mwalimu wa malkia. Alimfundisha Victoria kusoma na kuandika Kihindustani, na bibi yule mzee akajaza madaftari kwa lugha hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Wakubwa wa kasri walimchukia kwa rangi yake na kwa asili yake, lakini malkia alimshika mkono. Akampatia ardhi Agra. Mwaka 1899 akamtunuku daraja la Kamanda, la tatu katika yale matano. Januari 1901 malkia akafa. Mwanawe, Edward wa Saba, aliagiza barua zote ambazo mama yake alimwandikia Karim zichomwe moto, na Karim akarudishwa India pamoja na jamaa zake. Alifia Agra mwaka 1909. Nishani ile haikuzuia karatasi moja isiungue. Thamani yake iliishi kadiri alivyoishi aliyeitoa, kwa sababu haikuwa haki, ilikuwa upendeleo. Na upendeleo haurithishwi.

Wa pili ni Marion Crawford, Mskoti, mlezi na mwalimu wa Elizabeth na mdogo wake Margaret tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hakuolewa hadi 1947, ujana wake wote ukiwa umeishia darasani kwa watoto wa watu. Alipostaafu alipewa nyumba ya kukaa kwenye viwanja vya kasri la Kensington, na mwaka 1949 akapewa daraja lile lile la Kamanda. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wake, kitabu cha mapenzi matupu. Hakikumtukana mtu. Ilitosha. Akafungiwa mlango, nyumba ikamtoka, akaishi Aberdeen hadi alipofariki mwaka 1988. Familia ya kifalme haikupeleka shada la maua kwenye maziko yake.

Kuna watakaosema Crawford alivunja amana, na siri za nyumba ni siri. Nakubali kwamba siri za nyumba ni siri. Lakini hebu tuite kitu kwa jina lake. Ikiwa kunyamaza ni sehemu ya kazi, kuandikwe kwenye mkataba na kulipwe bei yake, na mtu ajue anauza nini. Kinachofanyika hapa ni ukimya kununuliwa kwa utepe wa buluu wenye kingo nyekundu na nyeupe, na mnunuzi akajiita mkarimu.

Najua nitaambiwa hayo ni ya zamani. Watumishi wa kudumu wa kasri leo wana mishahara, wana pensheni, na sheria za kazi zinawatazama. Kweli. Lakini mwaka 2013 gazeti la The Guardian liliripoti kwamba wafanyakazi wapatao 350 wa majira ya joto katika kasri la Buckingham waliajiriwa kwa mikataba isiyowahakikishia hata saa moja ya kazi. Mwaka 2015 wahudumu wa kasri la Windsor walipiga kura kuunga mkono kususia kazi za ziada kama kutembeza wageni, kutafsiri na kutoa huduma ya kwanza, ambazo chama chao kilisema hawalipwi. Waajiri walijibu kwamba kazi hizo ni za hiari. Neno hilo "hiari" nalijua tangu utotoni. Ndilo lililomfanya bibi yangu alale nyumba ya watu kila mtoto wao alipopata homa, sisi wajukuu zake tukiwa na homa zetu.

Na Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha huko Geneva Mkataba namba 189, unaotaka mfanyakazi wa nyumbani awe na saa za mapumziko, masharti ya kazi yanayoeleweka na hifadhi ya jamii, serikali ya Uingereza haikusema ndiyo wala hapana. Ilijizuia kupiga kura. Nchi iliyo na nishani maalumu ya kumshukuru mtumishi wa nyumba kubwa kuliko zote ilikosa ulimi wa kusema mtumishi wa kila nyumba ana haki.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Nishani hii si kosa dogo la watu wenye nyumba kubwa. Ni somo linalofundishwa hadharani kila mwaka, kwenye magazeti, kwa picha nzuri. Linafundisha kwamba utumishi ulio bora ni ule usiodai, na kwamba malipo ya juu kabisa ya uaminifu ni kutambuliwa na bwana. Sisi wa pwani hii tulilisikia somo hilo mapema. Wanaume walioubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, akina Chuma na Susi na wenzao, walitengenezewa medali sitini na jumuiya ya wanajiografia ya London, zikisema walikuwa waaminifu hadi mwisho. Medali zilipofika Zanzibar, wengi walikuwa wameshatawanyika wakitafuta riziki. Medali ina subira. Njaa haina.

Hoja moja inanipa shida, na sitaikwepa. Wanaopewa hufurahi. Hufurahi kweli, hulia, huwaita watoto wao waje waone. Mimi ni nani niwaambie wamedanganywa?

Bibi yangu alifurahi na saa yake hadi siku ya mwisho. Niliwahi kumwambia, nikiwa na ujuzi wangu mpya wa chuo kikuu, kwamba saa ile ilikuwa dharau. Akaniangalia kwa macho yale aliyokuwa amefanyiwa upasuaji kwa deni. "Mjukuu wangu," akasema, "kazi niliifanya vizuri. Usiniambie sikuifanya vizuri."

Nilinyamaza, maana alikuwa na haki. Saa ilikuwa shahidi pekee aliyekuwa naye kwamba miaka ile ishirini na saba ilitokea. Lakini ilinichukua muda kuelewa kwamba jibu lake halikuwatetea waajiri wake hata kidogo. Alikuwa anaitetea kazi yake. Kazi iliyofanywa vizuri inastahili kushuhudiwa, na kwa kuwa hakupewa ushahidi mwingine, aliushika ule aliopewa. Ndivyo wanavyofanya na wale wa London wanaotoka kwenye ukumbi wa kasri na kijisanduku mkononi. Furaha yao ni halali. Haimhalalishii aliyewapa sanduku peke yake.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Wenye watumishi wameipenda sana methali hiyo, kwa kuwa humtuliza anayeinama. Mimi huisoma upande wa pili: ikiwa heshima si utumwa, basi isitumike kulipia utumwa. Lugha yetu ina neno zuri kwa kile mtu anachostahili kupewa anapomaliza kazi. Tunakiita kiinua mgongo. Aliyelibuni neno hilo aliuona mgongo wenyewe, ulioinama juu ya beseni, juu ya kitanda cha mtoto, juu ya viatu vya mtu mwingine, akajua kwamba unahitaji kitu cha kuuinua. Nishani huning'inia kifuani. Mgongo inauacha ulivyo.

Sitaki ifutwe. Nataka ije ya mwisho. Kwanza mkataba, kisha mshahara unaotosha, saa za kupumzika, bima, na akiba itakayomlinda mtumishi hata bwana akifa, akikasirika au akisahau. Kisha haki ya kusimulia maisha yake, maana miaka aliyoitumia pale ni yake pia. Hayo yakishatimia, mfalme na amtundike yeyote utepe wa rangi aipendayo, nami nitapiga makofi.

Nimeandika haya mezani kwangu, Dar es Salaam, nikisikia vyombo vikioshwa jikoni. Dada anayeviosha ana miaka minne kwetu. Watoto wanampenda, na kila Idi humnunulia gauni, nami hujisifu kwa wageni kwamba kwetu ni kama ndugu. Jana nilifungua droo nikatafuta mkataba wake. Nilikuta risiti ya gauni.

Jumatatu tunakwenda kumwandikisha.