Simba wa Kufugwa: Soko Likifungwa, Nani Atawalisha?

Video za mashamba ya simba ya Afrika Kusini zinazunguka sana kwenye simu, na vijana mnaniuliza: "Afisa, wenzetu wanafuga simba, sisi bado tunang'ang'ana na nyanya. Hiyo biashara ina pesa kweli?" Ilikuwa nayo, tena nyingi. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo usikimbilie kununua waya. Lakini hesabu yake inafaa kujulikana.

Simba jike hubeba mimba kama siku 110. Kwenye mashamba yale watoto huondolewa kwa mama mapema ili aingie joto tena haraka. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ataielewa hiyo mara moja. Watalii hulipa kuwabeba wale wadogo na kupiga nao picha, halafu hulipa kutembea nao wakikua kidogo. Wakikomaa, mwindaji kutoka ng'ambo hulipa kuwapiga risasi ndani ya uzio. Mifupa ikauzwa Asia badala ya ile ya chui milia. Mnyama mmoja, mapato mara nne! Kwenye karatasi, hata mimi ningeshawishika.

Sasa tazama soko. Mwaka 2015 Australia na Ufaransa zilikataa nyara za simba. Mwaka 2016 Marekani, mteja mkubwa, ikazuia nyara za simba wa kufugwa wa Afrika Kusini. Mwaka 2017 serikali iliruhusu mifupa ya simba 800 isafirishwe. Mwaka 2019 mahakama ya Pretoria ikasema idadi hiyo ilipangwa kinyume cha sheria, maana hali ya wanyama haikuzingatiwa. Mwaka 2021 waziri Barbara Creecy akatangaza kwamba serikali inataka ufugaji huo ukomeshwe. Hakukuwa na ukame wala ugonjwa. Ni kalamu tu, nyingine kwenye ofisi ambazo mfugaji hatazikanyaga maisha yake yote.

Na simba bado wanataka kula. Mahindi yakikosa mnunuzi unayaweka ghalani, mbuzi utamchinja ule. Simba je? Anakula wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku, na akifugwa anaweza kufikisha miaka 20. Porini huwezi kumwachilia: hakufunzwa kuwinda, na binadamu hamwogopi. Mwaka 2019 shamba moja katika mkoa wa North West lilikutwa na simba zaidi ya 100 katika hali ya kutisha, wengine wamenyonyoka manyoya kwa ukurutu. Mimi naona huo ni ukatili, na sitauita ufugaji. Mfugaji anayeshindwa kulisha alichokizalisha hana utetezi, hata kama soko limemsaliti.

Wenye mashamba husema wanatoa ajira. Ni kweli, na vibarua ndio wataumia kwanza.

Sisi tulipata yetu na kware mwaka 2013 na 2014. Kila mtu alikuwa anauza mayai na vifaranga kwa mfugaji mwingine, mlaji hayupo, kisha bei ikaporomoka. Angalau kware waliliwa.

Wale mlioniandikia kuhusu mbuni na mamba, njooni ofisini na majina ya wanunuzi wawili wasiojuana. Tutaanza na gharama ya chakula cha mwaka ambao wote wawili wamekataa kununua.