Mokteli ya embe nyumbani: anza na maji, kisha matunda

DESEMBA hadi Februari ni miezi migumu kwa mzazi wa Dar es Salaam na Pwani nzima. Kaskazi inavuma, joto halipungui hata usiku, Desemba shule zimefungwa, na kila baada ya nusu saa kuna mtoto anaomba hela ya kitu cha baridi. Leo ni soda, kesho lambalamba, keshokutwa barafu ya rangi ambayo hakuna anayejua imetengenezwa na maji gani.

Bahati nzuri, miezi hiyo hiyo ndiyo ya maembe. Dodo na bolibo zinajaa sokoni, bei inashuka, na nanasi na pasheni hazikosekani. Kwa hiyo wiki hii tutengeneze nyumbani kile ambacho hotelini huitwa mokteli: kinywaji cha matunda kilichogandishwa, kisicho na kilevi hata tone.

Lakini kabla hatujagusa embe, tuzungumze kuhusu maji.

Barafu haiui vijidudu

Wapo wazazi makini wanaochemsha maji ya kunywa, halafu wanajaza trei ya barafu moja kwa moja bombani. Wanaamini ubaridi utaua kila kitu. Hauui. Vijidudu vingi vya kuharisha vinatulia tu ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka kwenye glasi vinaamka tena. Tuliokuwepo Dar es Salaam mwaka 2015, kipindupindu kilipolipuka mwezi Agosti, tunakumbuka maji machafu yanaweza kufanya nini.

Kanuni ni moja: maji ya barafu yawe sawa na maji ya kunywa. Chemsha, na yakishatokota sawasawa yaache yaendelee kwa dakika 1, kisha epua. Yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo ujaze trei iliyooshwa kwa sabuni.

Jihadhari pia na mabonge ya barafu yanayonunuliwa wakati wa sherehe. Yale ni ya kupozea chupa kwenye deli. Yasiingie kwenye glasi ya mtoto.

Gandisha tunda, siyo maji

Siri ya kinywaji kizito na kitamu ni kugandisha tunda lenyewe. Ukitia barafu nyingi, ikiyeyuka unabaki na maji yenye harufu ya embe. Tunda likiwa ndiyo barafu, ladha haipotei.

Chagua embe lililoiva kabisa, hata lile ambalo limeanza kulegea na muuzaji anakupunguzia bei, mradi halijaoza. Kitu cha baridi sana hupunguza makali ya utamu ulimini, hivyo embe ambalo ni tamu kiasi likiwa la kawaida litaonekana halina sukari likishaganda.

Osha embe kwa maji safi kabla ya kumenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi kwenye nyama. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vitandaze kwenye sinia bila kugusana, weka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi vihamishie kwenye chombo chenye mfuniko. Ukivijaza kwenye mfuko vikiwa vibichi vitashikana kuwa jiwe moja, na blenda yako italia.

Mahitaji (glasi 4 ndogo)

- Vikombe 2 vya vipande vya embe vilivyoganda
- Ndizi mbivu 1, iliyomenywa, ikakatwa na kugandishwa
- Pasheni 4
- Ndimu 1
- Nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa
- Kipande kidogo cha tangawizi na majani machache ya nanaa, ukipenda

Namna ya kutengeneza

1. Toa matunda kwenye friza, yaache mezani dakika 5 yalegee kidogo.
2. Kamua pasheni na uchuje mbegu. Kamua ndimu.
3. Tia vimiminika kwenye blenda kwanza, kisha ndizi, mwisho embe. Ukianza na vilivyoganda, visu vitazunguka bila kushika kitu.
4. Saga kwa vipindi vifupi, zima, koroga kwa mwiko, washa tena. Mota za blenda zetu nyingi ndogo haziwezi kusaga vitu vilivyoganda mfululizo.
5. Onja. Ikiwa imepooza, ongeza ndimu kabla hujafikiria sukari. Uchachu huamsha utamu wa embe.
6. Mimina, pamba kwa nanaa, nyweni papo hapo.

Kama huna blenda, usikate tamaa. Ponda embe bichi kwa uma au lipitishe kwenye chujio, changanya na pasheni, ndimu na maji, mimina kwenye bakuli pana na uweke kwenye friza. Kila baada ya nusu saa toa, kwangua kwa uma, rudisha. Baada ya saa 2 hadi 3 unapata chengachenga za barafu za kula kwa kijiko. Kazi hiyo ya kukwangua wape watoto wakubwa, wataigombania.

Sukari na kipimo

Soda ya kawaida ya 350 ml ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja tu imeshavuka hapo.

Mokteli yetu haina sukari ya kuongeza. Hata hivyo, embe na ndizi zina sukari yake, na ni rahisi kunywa maembe mawili ambayo mtoto asingeyamaliza kwa kutafuna. Glasi moja ndogo kwa siku inatosha. Kiu ya kweli ikatwe kwa maji.

Wadogo kabisa

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama pekee. Asionjeshwe hata kwa ncha ya kijiko. Aliyeanza kula apewe embe lililopondwa, lisilo la baridi kali. Asali usimpe aliye chini ya mwaka 1. Na mabonge mazima ya barafu yasiwekwe kwenye glasi ya mtoto mdogo, yanaweza kumkaba.

Mtoto akiharisha, kinywaji hiki si dawa. Mpe ORS na umpeleke kituo cha afya apimwe na apewe zinki.

Umeme ukikatika

Usifungue friza kila mara kuchungulia. Friza iliyojaa na kufungwa hukaa na ubaridi muda mrefu kuliko iliyo nusu. Umeme ukirudi, vipande vyenye chembe za barafu bado ni vizuri. Vilivyoyeyuka vikapata joto na kuanza kuchachuka, mwaga.

Neno kuhusu glasi

Kuna mtindo wa kuwapa watoto vinywaji hivi kwenye glasi za mvinyo na kuwaambia, "Na nyie hii ndiyo pombe yenu." Watu wazima tunacheka, mtoto anajifunza. Anajifunza kwamba ukubwa unaanzia kwenye glasi ile. Mpe kikombe chake cha kila siku, tia mrija, weka kipande cha nanasi ukingoni. Kitapendeza vilevile, na hakuna kitu cha kuja kumfafanulia baadaye.

Kata embe lako Ijumaa usiku, Jumamosi mchana linakusubiri. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia ukwaju na ubuyu kwa wale ambao friji zao hazina friza.