Je, Paul McCartney Alizikwa Wimboni?

SWALI: Ni kweli kwamba mwishoni mwa wimbo “Strawberry Fields Forever” wa Beatles, John Lennon anatangaza amemzika mwenzake, Paul McCartney?

JIBU: La, hasha! Uvumi huo ulivuma sana Marekani Oktoba 1969. Ilidaiwa kwamba Paul alifariki katika ajali ya gari mwaka 1966, na mtu aliyefanana naye akatiwa mahali pake. Walioamini wakaanza kusaka ushahidi. Kwenye jalada la “Abbey Road”, Paul anavuka barabara miguu mitupu; wakasema huyo ni maiti. Maneno yasiyosikika vizuri mwishoni mwa wimbo nayo wakayageuza tangazo la maziko. Lennon mwenyewe alieleza kuwa alikuwa akitaja sosi ya cranberry, tunda dogo jekundu.

Novemba mwaka huo, jarida la Life lilichapisha habari za kumkuta Paul shambani kwake Scotland, mzima kabisa. Mwaka 1993 alitoa albamu yenye jina la mzaha, “Paul Is Live”.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini hili halikuwepo. Sikio lililokwisha kuambiwa lisikie nini, husikia hilo hilo. Kabla ya kumzika mtu kwa mdomo, waulize kwanza watu wa nyumbani kwake.