Maoni Yetu: Gazeti ni la Nani, na Limesema Kweli?

Kila habari ya hifadhi inapotoka, swali la kwanza vijiweni Mugumu, Natta na Robanda, wilayani Serengeti, ni hili: gazeti hilo ni la nani? Ni swali la haki, ila halitoshi. Anayeishia hapo hudhani kwamba akishamjua mwenye gazeti, amekwisha kuijua kweli. Chombo cha habari kuwa na upande ni jambo moja. Habari yake kuwa ya uhakika ni jambo jingine. Yote mawili lazima yapimwe.

Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 2010 dunia nzima iliandika kuhusu mpango wa serikali wa barabara kuu ya kupita Natta, Mugumu na Loliondo kuelekea Arusha. Kilomita 53 za barabara hiyo zingekatisha kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwenye mapito ya nyumbu. Septemba mwaka huo wanasayansi 27 walionya katika jarida la Nature kwamba barabara hiyo ingeiharibu Serengeti. Hoja yao ilikuwa nzito: nyumbu zaidi ya milioni moja hutegemea kuufikia Mto Mara kiangazi, na msururu wa malori ungeweza kuwakatia maji na malisho. Vyombo vingi vya nje vilisimama na onyo hilo. Serikali, kwa upande wake, ilisema wananchi wa Serengeti na Ngorongoro wana haki ya barabara kama Watanzania wengine. Hilo nalo ni kweli, na mgonjwa anayesafirishwa masika katika tope hahitaji kuelezwa.

Kupendelea upande hakukuwa kosa kubwa. Kosa lilikuja Juni 2011. Serikali iliiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, iliyokuwa ikikutana Paris, kwamba zile kilomita 53 zitabaki za changarawe chini ya usimamizi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Vyombo kadhaa vya kimataifa, vyenye jina na heshima, vikatangaza kwamba barabara imefutwa. Barua haikusema hivyo. Ilikataa lami ndani ya hifadhi, haikufuta barabara. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na shirika la kutetea wanyama la nchini Kenya, na kilichokataliwa kilikuwa barabara ya lami kukatisha hifadhi. Aliyesoma vichwa vya habari tu alibaki akiamini jambo ambalo halikuamuliwa.

Asidhani mtu kwamba kosa la namna hii ni la wageni tu. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, mali ya chama tawala, CCM, liliandika kwamba Rais Samia, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama hicho, hana wazo la kugombea mwaka 2025. Serikali ilisema habari hiyo ni ya uongo, leseni ya gazeti ikasimamishwa siku 14, na chama chenyewe kikawasimamisha kazi viongozi wa gazeti hilo. Kama umiliki ungekuwa kipimo cha kutosha, hakuna gazeti ambalo lingeaminika zaidi ya Uhuru kwa habari za mwenyekiti wa CCM.

Basi msomaji apime vipi? Achukue kalamu, apige mstari chini ya kila aliyenukuliwa. Kama habari inahusu tembo waliokula mahindi Robanda na waliosema ni ofisa wa hifadhi, mwekezaji na mtafiti, huku mwenye shamba hayumo, hiyo ni nusu habari hata kama kila sentensi yake ni sahihi. Na kama amenukuliwa mwenye shamba peke yake, ni nusu vilevile, hata ikiwa inatufurahisha.

Kisha atazame kama mwandishi ameuona waraka anaousemea. Barua, hukumu, ramani ya mipaka na mkataba ni vitu vinavyosomeka. Mwandishi aliyeusoma hutaja tarehe na kilichoandikwa. Asiyeusoma hutegemea "inadaiwa".

Akumbuke pia kwamba gazeti huweza kunyamaza kwa hofu. Juni 2017 gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 baada ya kuwahusisha marais wawili wastaafu na mikataba ya madini. Msomaji wa Nyamongo, anayeishi jirani na mgodi wa North Mara, asichukulie kimya cha magazeti kuwa uthibitisho kwamba hakuna la kuandika.

Kipimo cha mwisho ndicho tunachokithamini kuliko vyote: chombo kikikosea, hufanya nini? Kinachosahihisha kosa lake mahali pale pale lilipotokea, kwa herufi kubwa zile zile, kinastahili kusomwa tena. Kinachofuta kimyakimya na kuendelea hakistahili imani yetu, kiwe cha London, cha Nairobi au cha Dar es Salaam.

Tunatoa wito kwa halmashauri za Serengeti na Tarime, TANAPA na wawekezaji: barua, ramani na maamuzi yanayogusa vijiji yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, kwa Kiswahili, siku yanapotolewa. Redio za mkoa wa Mara ziyasome hewani kabla ya kuyajadili. Na wahariri wanaotuma waandishi Serengeti wahakikishe wanafika kijijini, si kwenye hoteli za kitalii tu. Mwananchi mwenye waraka mkononi hadanganywi kirahisi na mtu yeyote, wa nje wala wa ndani.