Dawa mpya ya nyoka isiishie maabara

Msimu wa korosho unapokaribia, wakulima wa Mtwara hufyeka chini ya mikorosho, kisha huinama kuokota korosho kwenye majani makavu. Humo ndimo wanamojificha swila, koboko na kifutu. Kwa familia ya Msimbati au Kilambo, mtu mmoja akiumwa na nyoka mavuno huharibika, na pengine uhai hupotea.

Dawa ya sumu ya nyoka bado hutengenezwa kwa njia ya miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kingamwili huchukuliwa katika damu yake. Kazi hiyo ni ya gharama, na baadhi ya wagonjwa hudhurika kwa kuwa miili yao huzikataa protini za mnyama.

Sasa ipo njia nyingine. Mwaka 1985 Mmarekani George Smith alionyesha kuwa faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, kinaweza kubebeshwa protini ngeni kwenye gamba lake. Jeni ya protini hiyo huunganishwa na jeni ya gamba. Protini hutokeza nje kama bidhaa za mchuuzi, na maelekezo ya kuitengeneza hubaki ndani. Mabilioni ya faji zenye kingamwili tofauti hukutanishwa na sumu. Zisizonasa huoshwa, zinazonasa hubakizwa, kama apetaye mpunga. Kisha bakteria hupewa maelekezo hayo na kuzalisha kingamwili iliyochaguliwa. Smith na Mwingereza Gregory Winter walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2018 kwa kazi hiyo.

Mwaka 2025 watafiti wakiongozwa kutoka Denmark walitangaza mchanganyiko wa kingamwili ndogo nane, zilizopatikana kwa njia hiyo. Uliwakinga panya wasife kwa sumu za nyoka 17 kati ya 18 wa Afrika wa jamii ya swila na koboko.

Habari ni njema, lakini panya si binadamu, na kifutu hayumo katika jamii hiyo. Tena dawa iliyo mjini haimfai aliyeumwa kwenye mlango wa Mto Ruvuma. Halmashauri na vyama vya ushirika havina budi kutenga fedha kabla ya msimu, ili vituo vya afya viwe na dawa iliyopo leo. Vikizoea hivyo, dawa mpya itakapofika itakuta njia.

Mkulima naye avae mabuti. Akiumwa, asichanje jeraha, asilinyonye wala kulifunga kamba. Atulize kiungo kilichoumwa na awahishwe hospitali.